Mawese Ndani ya Gitaa

Fundi hakuwa mtu wa kupendeza. Naanza na hilo makusudi, maana wapo watakaosema namsifu kwa sababu tu nawachukia waliomtoa mjini. Nawachukia kweli, na nitawafikia. Lakini Fundi mwenyewe alikuwa na mdomo mchafu, na salamu hakuijibu mpaka amalize kiungo cha waya alichokuwa anakichoma. Ulisimama pale na shikamoo yako mpaka ukajuta kuitoa. Alipanga chumba cha uani kwetu Katubuka, hapa Kigoma, kwa miaka mingi, na sikumbuki siku hata moja aliyoniita kwa jina. Nilikuwa napiga gitaa la besi katika kwaya ya kanisa letu pale Gungu, mwanamke peke yangu kati ya wapigaji, basi kwake nikawa Besi. "We Besi, umenizibia mwanga." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa wiki nzima.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza magitaa ya umeme. Kwaya za Gungu, za Buzebazeba, hata bendi iliyokuwa ikipiga karibu na bandari, wote walimletea. Gitaa la umeme ukilifungua, ndani ni nyaya chache tu. Zinatoka kwenye sumaku zilizo chini ya nyuzi, zinapita kwenye swichi na vitufe vya sauti, zinaishia kwenye tundu la kuchomekea waya wa amplifaya. Kila zinapokutana zimeshikizwa kwa tone la lehemu, ule uzi laini wa bati na risasi unaoyeyushwa kwa pasi ya moto. Tone likiwa bovu, gitaa linakoroma au linakatika katikati ya wimbo, na waimbaji wanabaki wanatazamana. Fundi alishikilia kwamba magitaa mengi hayaharibiki yenyewe, yanaharibiwa na lehemu mbaya.

Miaka ile vitu vilikuwa vya shida, kwa hiyo mwenye gitaa alikuja na lehemu yake. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Fundi aliipokea, akaiviringisha kati ya vidole, akakata kipande kidogo na kukigusisha kwenye ncha ya pasi. Halafu akanusa moshi. Lehemu ya redio ni nyembamba na ina dawa ndani yake iliyotokana na utomvu wa miti, na moshi wake unanukia ubao wa msonobari uliochanwa sasa hivi. Ile nene, ya mafundi bati wanaoziba ndoo na masufuria, hutumika na asidi, na moshi wake unachoma pua mpaka machozi. Kwenye ndoo haina neno, ndoo unaiosha. Kwenye gitaa ile asidi inabaki humo ndani inakula shaba polepole, na wewe unaimba haleluya hujui kinachoendelea.

Baada ya kunusa, aliacha tone lipoe juu ya kipande cha bati, akaligeuzageuza kwenye mwanga. Likiganda upesi na kung'aa, alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ilikuwa sifa. Likipauka na kufanya chembechembe kama ugali wa jana, ujue risasi imezidi au ina takataka. Alikurudishia mkononi bila neno, akainama kwenye kazi nyingine. Nimewaona watu wazima wenye suti wakiondoka uani kwetu na lehemu yao mkononi kama watoto waliorudishwa nyumbani kutoka shule. Aliyethubutu kuuliza kwa nini ndiye aliyetukanwa.

Kulikuwa na kosa jingine ambalo hakulivumilia kabisa, nalo ni kupulizia. Tone likiwa bado la moto, mtu wa kawaida anataka kulipuliza lipoe, mdomo unaenda wenyewe. Ukilipuliza au ukilitikisa linaganda vibaya, kwa nje linaonekana limeshika na ndani halijashika. Kijana mmoja wa bendi alipuliza kiungo mbele yake. Fundi alizima pasi, akavua miwani, akamuuliza kama pale mezani ameona uji. Kisha akakichoma upya kile kiungo, na siku nzima hakusema na mtu.

Mama yangu alimwona ana majivuno. Ukimkuta kazini hakukupa kiganja, alikupa kifundo cha mkono. Chakula hakukigusa mpaka amejisugua kwa sabuni ya mawese hadi kwenye viwiko, na watoto wa jirani wakisogelea meza yake aliwafukuza kwa ukali uliomuudhi kila mzazi. Siku moja mama alimshika, akamuuliza kama watoto wetu wananuka. Akajibu kwamba risasi ikiingia kwenye kichwa cha mtoto haitoki, na afadhali wamchukie. Basi mama akatulia. Ila mikono yake yote miwili ilipokuwa na kazi, Fundi huyohuyo aliushika uzi wa lehemu kwa meno. Mama alimwonyesha, akamwambia, "Na hayo meno si mwili wako?" Aliguna, akautoa mdomoni, na keshoye akaurudisha palepale.

Alikuwa hivyo katika mambo mengi. Alisema hapendi muziki, kwamba ni kelele za watu wasio na kazi, lakini nyimbo zetu zote alizijua, na ubeti tukiuruka alituuliza umekwenda wapi. Kanisani hakuingia. Jumapili alikaa nje chini ya dirisha la upande wa kwaya, juu ya jiwe, kichwa ameinamisha, na wageni walidhani anasali. Alikuwa anasikiliza mkoromo. Ibada ikiisha alimvizia mpigaji mlangoni na kumwambia swichi yako inakufa, na kweli, wiki mbili hazikupita.

Akiulizwa kwao, alisema Manyovu. Manyovu ni kwetu, upande wetu wa mpaka, na mtu wa huko akisema Kirundi au Kiha ni nani wa kumtenganisha? Lugha zenyewe zinaelewana kutoka asubuhi hadi jioni. Lakini kila mtu katika mtaa wetu alijua kwamba Fundi alivuka mpaka kutoka ng'ambo. Alivuka na gitaa, pasi ya kulehemu na suruali moja, na alikuwa akisema suruali ndiyo aliyojutia kuibeba. Miaka ile mkimbizi alitakiwa kukaa kambini. Akikutwa mjini bila kibali alipandishwa lori. Mama hakuwahi kumuuliza zaidi, na aliyemuuliza yeye alijibiwa kwamba mpangaji wangu ni wa Manyovu, una lingine?

Naomba nieleweke hapa, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Mji huu nusu yake una bibi aliyezikwa ng'ambo. Tunaoa huko, tunazikana huko, tunauziana maharage tangu mpaka haujachorwa. Mwenyekiti wa kwaya yetu mwenyewe, bibi mzaa mama yake alizaliwa huko, na msiba wake tulikwenda kuuomboleza nyumbani kwa mwenyekiti. Mtu wa namna hiyo hana haki ya kumwita mwenzake mgeni, achilia mbali kumwita hivyo mbele ya watu wenye lori.

Ilianzia kwenye gitaa. Gitaa la solo la kwaya lilipasuka shingo, na mkutano wa injili ulikuwa karibu. Fundi alituazima la kwake, lile alilovuka nalo, la rangi ya maini. Hakuna aliyemwomba. Alilileta akalilaza kwenye benchi, akasema msiliache juani, akaondoka. Nilijua alichokitoa, maana kule chumbani kwake lilikuwa na msumari wake ukutani na yeye mwenyewe alilala kwenye mkeka.

Halafu ikaja Jumapili ya kuweka vyombo wakfu. Kwetu chombo kikishaombewa mbele ya madhabahu na kupakwa mafuta, kinakuwa cha Bwana, na hakuna wa kukidai. Desturi hiyo naiheshimu. Ila mwenyekiti alipanga vyombo vyote kwenye mstari, spika, ngoma, besi, na gitaa la Fundi katikati, na hakumwambia mwenyewe. Nilimnong'oneza kwamba lile ni la kuazima. Akaniambia Bwana hana cha kuazima. Mafuta ya mzeituni yalikuwa yamekwisha, mzee mmoja wa kanisa akaagiza mawese kutoka nyumbani kwake, na haya yetu ya Kigoma mnayajua, mazito, mekundu. Yalipakwa kwa ukarimu. Kwenye gitaa la Fundi yalishuka kwa kitufe cha sauti hadi ndani, kwenye swichi, kwenye nyaya, kila mahali.

Fundi alikuwa dirishani. Nilimwona anasimama, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona anaingia kanisani, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la mkaa. Mtu mwingine angesema mmenidhulumu. Yeye alichokiona ni mawese. Alieleza kwa sauti ya juu kwamba penye mafuta lehemu haishiki, na vumbi litaganda humo, na anataka apewe gitaa alisafishe leo leo kabla hayajakauka. Mwenyekiti akamjibu kwa upole wake ule wa kwenye maikrofoni kwamba chombo kimeshakuwa cha Bwana na hakitoki.

"Mngempaka mpigaji," Fundi akasema. "Mpigaji hana swichi."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka, na mimi nilipomwona uso wake nilijua hatasahau kuchekewa kanisani.

Haukupita muda mrefu likaja tangazo kwamba wakimbizi waliojificha mjini warudi makambini. Maofisa walipita mtaa kwa mtaa pamoja na mjumbe wetu wa nyumba kumi. Walipofika uani kwetu, Fundi alikuwa na gitaa la watu wa Buzebazeba mezani na pasi imeshika moto. Mjumbe akauliza nani anamfahamu mtu huyu. Mama akasema wa Manyovu. Mimi nikasema wa Manyovu. Wakasema sisi ni nyumba moja, wanataka mtu wa nyumba nyingine. Mwenyekiti anakaa mkabala na sisi, na alikuwa amesimama hapo barazani kwake akitazama, basi mjumbe akamwita kwa heshima zote. Neno moja tu. Neno alilolisema mama, ambalo mtaa mzima ulikuwa unalisema kwa miaka.

"Huyu alivuka," mwenyekiti akasema. "Mimi mtu wa kanisa siwezi kusema uongo."

Na alisema kweli, hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo ninapoandika. Aliutunza ukweli wake wote miaka ile mtu alipomtengenezea vyombo, akautoa siku ulipoweza kumbakizia gitaa. Mama alimwita mnafiki hapohapo, mbele ya maofisa, na mama yangu si mtu wa maneno hayo. Haikusaidia. Fundi aliomba amalize kiungo kimoja. Wakamruhusu. Alikigusisha lehemu, akaondoa pasi, akakaa mikono magotini akisubiri tone lipoe, na maofisa wakasubiri naye. Hakulipulizia. Kisha akachomoa pasi, akaiviringishia waya wake, akapanda lori.

Gitaa lake halikumaliza msimu. Mawese yalishika vumbi, swichi ikaanza kukatakata, na mwenyekiti akalipeleka kwa fundi bati kule Ujiji, hodari wa vibatari na ndoo. Lilirudi linalia, na mwenyekiti akatuambia mnaona, mafundi wako wengi. Lililia Jumapili chache likanyamaza kabisa. Wakalitupa stoo, chini ya mabenchi mabovu. Waliuza utu wao kwa ajili yake, halafu hata kulifunika kitambaa hawakulifunika.

Nilivumilia mpaka nikachoka kuvumilia. Ufunguo wa stoo nilikuwa nao kwa sababu ya besi. Ijumaa moja nililitoa mchana kweupe, nikalifunga kwenye kitenge. Kabla ya safari ya kambini, alikopelekwa Fundi, nilikwenda Mwanga sokoni kutafuta lehemu. Muuza vipuri akanipa ya kwanza, nikaomba kijinga cha moto kwa mama anayekaanga samaki aina ya migebuka pale jirani, nikayeyusha kipande, nikanusa. Ikanichoma pua, nikairudisha. Ya pili ikapauka, nikairudisha. Akaniuliza, "Dada, unanunua au unapika?" Ya tatu ilinukia msonobari, tone likaganda linang'aa, nikanyamaza nikalipia.

Nilipanda basi la Kasulu, kisha lori la mihogo. Getini kambini niliungana na akina mama wenye mizigo kichwani, tukasalimiana kwa Kirundi, amahoro, tukaingia. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Nilipita kama mmoja wao, kwa sura ile ile na lugha ile ile ambayo Fundi alipita nayo kwetu, na hasira niliyokuwa nayo wakati huo siwezi kuieleza vizuri hata sasa.

Nilimkuta chini ya turubai, anachoma kiungo cha redio. Umeme haukuwepo. Alikuwa na kipande cha shaba kilichofungwa kwenye nondo, anakipasha kwenye jiko la mkaa. Amekonda, miwani imefungwa kwa uzi. Nikampa shikamoo. Hakuitika. Nikasimama kama zamani, mpaka tone lilipoganda.

"Marahaba. Besi, umenizibia mwanga."

Nikafungua kitenge. Alilipokea, akaligeuza, akafungua skrubu kwa ncha ya kisu. Ndani mawese yalikuwa yameganda kama gundi nyeusi, na penye viungo kulikuwa kumeota kutu ya kijani, waya mmoja umelika hadi umebaki unywele. Aliinusa ile kijani. Akaniuliza nani, nikamwambia fundi bati wa Ujiji. Akaguna, akanyoosha mkono. Nikampa lehemu yangu. Aliiviringisha vidoleni, akakata kipande, akagusisha kwenye shaba ya moto, akanusa, akatazama tone likiganda. Halafu akanyamaza, akaanza kazi. Siku niliyobatizwa sikufurahi hivyo.

Alifanya kazi hadi jua lilipolala. Alikwangua mawese yote, akaosha kwa spiriti, akakata nyaya nyuma hadi alipokuta shaba safi, akaunganisha upya kila kiungo. Katikati ya kazi akanieleza kwamba kambi inafungwa, wanaambiwa warudi kwao, malori yatakuja. Nikamuuliza kama atakwenda. Akasema kwingine aende kwa akina nani, Manyovu? Hapo nikalipuka. Nikamwambia nitasimama kanisani nimtaje mwenyekiti mbele ya watu wote, aone aibu.

"Mwache," akasema. "Alisema kweli."

Nikamkasirikia na yeye. Nimesafiri siku nzima na mzigo wake, na yeye anamtetea. Nikamwambia kama ana moyo wa kusamehe namna hiyo basi na kanisani angeingia. Aliweka shaba yake kwenye mkaa, akafikiri.

"Ila mawese," akasema. "Mawese sisamehi."

Alipofunga skrubu ya mwisho alikaza nyuzi, akapiga. Bila amplifaya gitaa la umeme lina sauti ndogo kama ya mtu anayeongea chumba cha pili, lakini nilisikia. Alipiga wimbo wetu wa kufungulia ibada, wote, na ule ubeti tuliokuwa tunauruka akaupiga. Miaka yote aliyokaa uani kwetu sikuwahi kumsikia akipiga. Majirani wa turubai walitoka wakasimama. Mimi nililia kwa hasira, nikiwa nimesimama, na sikujifuta.

Wakati wa kuagana alinipa kifundo cha mkono, akaniwekea kiganjani lehemu iliyobaki. Akasema ni ya besi langu, kiungo cha waya wa ethi, ule wa kuzuia mkoromo, kilipozwa vibaya, linakoroma tangu siku ya kwanza.

"Na mbona hukuniambia?"

"Mlango wangu ulikuwa hapo hapo. Nilikuwa nangoja ulete." Akanitazama. "Usipulizie."

Niliporudi nililifungua besi, nikakikuta kiungo kimepauka, kama alivyosema. Nikakichoma mwenyewe, nikakaa mikono magotini mpaka kikapoa.

Jumapili mwenyekiti alisimama mbele akatangaza kwamba chombo cha Bwana kimetoweka stoo, na aliyekichukua akirudishe kwa hiari yake kabla Bwana hajamfichua. Besi lilikuwa begani kwangu na amplifaya imewashwa, na kwa mara ya kwanza halikukoroma, kwa hiyo kanisa lilikuwa kimya kabisa. Nikasema nimeshakirudisha. Akaniuliza nimekirudisha wapi, maana ametoka stoo sasa hivi na hakimo. Nikamwambia kiko kambini kwa mwenyewe, na kama anataka kukifuata nitampeleka, getini hawatamuuliza kitu, na njia naijua.